Kumsema Mtu Akiwepo

Majengo nzima, mtu akitaka kujua nani kaachika, nani kahama bila kuaga na nani kanunua televisheni ilhali watoto wanalalia uji, alikwenda kusuka kwa Mama Twaha. Nywele zilikuwa kisingizio. Kibaraza chake kilikuwa na kigoda cha msukwaji na mkeka wa wanaosubiri zamu, na wengi wa hao wanaosubiri hawakuwa na haja ya kusuka. Mmoja alikuwa amenyoa upara kwa matanga ya baba yake, na bado alikuja kila siku akakaa mkekani, akasubiri zamu.

Mama Twaha mwenyewe, Mwajabu kwa jina alilopewa na wazazi wake huko Ugweno, Upareni, alikuwa mjane wa dereva wa lori. Twaha alikuwa Dar anahangaika na mitumba, na akipiga simu kwa jirani mwenye simu alipiga mara moja kwa msimu wa mvua. Binti aliolewa Arusha, huko akanogewa. Nyumba ilibaki na mtu mmoja na vitanda vitupu, na kilichokuwa kikiijaza ni mdomo wa mwenye nyumba. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, ulimi mwepesi zaidi. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, saluni zilikuwa zimeota mjini kama uyoga, zina vioo na madude ya kukaushia nywele, lakini wateja wa Mama Twaha hawakuhama. Lile dude likishavuma kichwani, utasikiaje ya watu?

Kilichomharibia ni darsa.

Alikuwa akihudhuria darsa la akina mama kila Alhamisi baada ya alasiri, na siku ile alikwenda na habari moto ya mwalimu mwenyewe, Mwalimu Zubeda, habari ya mchumba, akisubiri tu apate sikio la kuitia. Mwalimu Zubeda akafungua Suratul Hujurat. Akasoma, akafasiri: msisengenyane, je, yupo kati yenu anayependa kula nyama ya ndugu yake aliyekwisha kufa? Akaeleza kwamba kumsema mwenzio asiyekuwepo, kwa jambo ambalo angelisikia angelichukia, ndiyo nyama yenyewe. Hata likiwa la kweli. Likiwa la uongo, hiyo ni dhambi nyingine, ina sufuria yake.

Mama Twaha asubuhi ile alikuwa amekunywa supu ya utumbo. Ikamrudi hadi kooni. Akajaribu kukumbuka maiti aliokwisha kuwala tangu Jumatatu, akaona kumbe kibaraza chake ni bucha. Habari ya mchumba aliimeza palepale, na njiani kurudi akaweka nadhiri: kwake, asiyekuwepo hasemwi.

Wa kwanza kukutana na sheria mpya alikuwa Zita, muuza duka la dawa, binti mwenye kucha ndefu na habari ndefu kuliko kucha.

"Mama Twaha, shikamoo. Umesikia ya Gladys?"

"Marahaba. Gladys yupo?"

"Yupo wapi?"

"Hapa."

"Hayupo, ndiyo maana nakwambia."

"Basi tumsubiri aje."

Zita akacheka akidhani ni utani, maana Mama Twaha na utani walizaliwa tumbo moja. Akaanza tena. Mama Twaha akamvuta nywele kidogo, akamuuliza habari za mvua. Wiki ile walisukana kwa mvua. Wiki iliyofuata wakaja wachache, nao wakakaa kama watu waliokuja kutoa pole wasijue marehemu ni nani. Mwenye upara alikumbuka kwamba hana nywele. Mwezi haujaisha, Zita akaonekana saluni ya barabara ya juu, chini ya lile dude linalovuma.

Haya, ndipo Mama Twaha alipojua ukubwa wa nyumba yake. Chupa ya chai ambayo zamani ilijazwa mara mbili kabla ya adhuhuri, sasa ilishinda imejaa, na jioni aliimwagia miparachichi. Alizoea kupika wali wa watu, mkono ukakataa kujifunza kupima wa mtu mmoja. Akawa anakula kiporo cha kiporo. Redio alifungua ili pawe na mtu anasema, lakini redio haikuulizi nawe umeshindaje. Asubuhi moja mlima ulifunguka, wingu lote likaondoka, ule weupe wa theluji ukakaa juu ya mabati ya Majengo kama umeletwa pale kwa mkono. Aligeuka amwonyeshe mtu. Mkeka ulikuwa umekunjwa ukutani.

Akajiambia ndiyo thamani ya pepo, haiuzwi mafungu mafungu. Lakini kujiambia nako kunachosha, kwa kuwa msikilizaji ni yuleyule.

Aliyebaki alikuwa Theopista.

Theopista, Mama Flavia, alikuwa mkulima wa Kibosho, Mkatoliki wa rozari shingoni, mjane kama yeye. Siku za soko alishusha ndizi Mbuyuni, na akimaliza kuuza alipita Majengo kusukwa kabla ya kupanda gari la kurudi mlimani. Urafiki wao uliota kwenye ugonjwa. Mumewe, Julius, alipolazwa hospitali ya mjini, Theopista alilala kwa Mama Twaha wiki nyingi, na Mama Twaha ndiye aliyepeleka uji asubuhi mwenzake akiwa amechoka. Asubuhi moja Julius, pumzi zikimkatikia, alimshika mkono mdogo wake Primus, mbele ya Mama Twaha aliyesimama na bakuli, akamwambia: "Kihamba ni cha Theopista na wasichana wangu. Usije ukawasogeza." Primus akaitika, "Sawa, kaka." Kihamba, kwa Wachagga, ndilo shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee, anayekusogeza humo amekutoa duniani.

Theopista hakuwa msemaji wa watu. Alimsema ng'ombe wake. Ng'ombe alikuwa na kiburi, alichagua majani, alimpiga mkia usoni makusudi. Kwa hiyo nadhiri haikumgusa. Mtu hasengenyi ng'ombe. Mama Twaha alimsubiri siku ya soko kama mfungwa anavyosubiri ndugu wa kuja kumtazama. Alichemsha chai, akaunga maharage kwa nazi kwa sababu Theopista alipenda vya watu wa pwani, na alipomwona kwa mbali na kapu lake tupu, mwili ulipata joto.

Siku hiyo Theopista alikaa kigodani, akavua kilemba, ng'ombe hakutajwa. Mama Twaha akagawa nywele, akaanza msuko wa twende kilioni upande wa kushoto. Alipofika katikati ya kichwa, Theopista akasema akiwa ameangalia sakafu:

"Mama Twaha, ni Primus."

Vidole vikasimama.

"Shemeji yangu anasema kihamba ni cha ukoo na mimi sikuzaa dume. Anataka nusu ya juu, yote yenye kahawa. Wazee wa ukoo wanakaa Jumapili kuamua. Sasa wewe ulikuwepo pale hospitali siku Julius…"

"Mwenzangu," alisema Mama Twaha, "Primus yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi kwangu hatumsemi."

"Sijaja kumsema. Nimekuja kukuomba."

"Jina lake umeshalitaja, na mwenyewe hayupo. Mimi nimeweka nadhiri, Mama Flavia. Nyama ya mtu siili tena, hata ya shemeji yako. Inama nimalizie."

Theopista hakuinama. Alimpa muda wa kutosha mtu kujirekebisha, na Mama Twaha hakujirekebisha. Kisha akainuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama mgomba uliopigwa na upepo, akafunga kilemba juu ya vyote viwili.

"Dini yenu siijui," alisema. "Nilidhani ina masikio."

Akachukua kapu lake akaenda kupanda mlima.

Na Mama Twaha, mtamhurumia, alijisikia vizuri. Alijiona ameshinda. Wengine wote kuwakatalia ilikuwa rahisi, lakini huyu, rafiki wa pekee, ndiyo ilikuwa jihadi. Magharibi aliswali kwa utulivu wa mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Siku ya soko iliyofuata Theopista hakupita. Iliyofuata tena hakupita. Mama Twaha alikwenda mwenyewe Mbuyuni, akakuta mahali pake pamekaa mwanamke mwingine. Alitaka kuuliza, ulimi ukagonga meno: kuuliza habari za asiyekuwepo, je, si mlango uleule? Alikuwa ameitunga sheria kali mpaka mtungaji mwenyewe hana pa kupenya. Akanunua ndizi asizozihitaji akarudi nazo. Usingizi ukaanza kumpita. Alilala upande wa ukutani wa kitanda, upande mwingine akaweka nguo zilizokunjwa, ili kitanda kisiwe kipana hivyo.

Alhamisi moja Mwalimu Zubeda alikuwa amefika Suratun Nisaa. Akasoma kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Akataka kuendelea na aya nyingine.

"Mwalimu," Mama Twaha aliinua mkono. "Rudi hapo. Isipokuwa nani?"

"Aliyedhulumiwa, mama. Huyo ana ruhusa ya kusema."

"Hata kama aliyemdhulumu hayupo pale?"

"Madhalimu wangapi unawajua wanaokaa pale kusubiri wasemwe?" Wanawake wakacheka. "Mdhulumiwa anasema ili apate haki yake. Hiyo si nyama."

"Na anayemsikiliza?"

"Akikosa wa kumsikiliza, atamwambia nani?"

Mama Twaha akashusha mkono. Kisha akauinua tena, mzito kama si wake. "Na kama huyo msikilizaji alikuwa shahidi?"

Mwalimu Zubeda akamtazama, sasa hacheki. "Shahidi akiitwa asikatae. Na anayeuficha ushahidi, Qur'ani inasema moyo wake una dhambi. Kwani kuna nini, mama?"

"Hakuna," alisema Mama Twaha, na huo ulikuwa uongo, lakini angalau ulikuwa wake mwenyewe.

Jumapili akapanda pikapu ya Kibosho. Barabara ilikuwa ya mawe na matope kwa zamu, na mahali gari lilipokataa aliteremka akatembea. Mwendo wa kupanda, kwa mwanamke aliyezoea kukaa kigodani, si jambo la kusimulia. Migomba ilifunga pande zote, maji yanasikika kwenye mfereji asiouona, na kila nyumba aliyopita ilikuwa na watu ndani, sauti zao, moshi wao, sahani zao. Alipumzika chini ya mgrevilea. Bibi mmoja akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, umeinama naye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si wa huku. Unamtafuta nani?"

"Mama Flavia, mke wa marehemu Julius. Nimekuja kumwomba radhi."

Bibi, Mektrida kwa jina, jirani wa Theopista kama ilivyokuja kujulikana, alimkagua kuanzia ushungi hadi viatu. "Kuomba radhi mikono mitupu? Huko kwenu mnaombaje?"

"Kwa mdomo."

"Huku mdomo hauaminiki." Akatua mzigo, akaingia kwenye ua wa mpaka, akachuma jani refu la isale, ule mmea wanaoupanda mipakani. Akalifunga fundo. "Ukimpelekea mtu hili hawezi kukukatalia. Na halipelekwi na mtu peke yake kama mwizi. Twende."

Mama Twaha akalipokea kwa mashaka. Moyoni alijiuliza kama hii si ushirikina, jani la mlimani na Muislamu wapi na wapi. Akaona: jani ni jani, aliyeliotesha ni Mungu, na anayeombwa radhi ni Theopista, haliombwi jani. Akalishika kwa mkono wa kulia.

Walipofika, aliona kabla hajaambiwa. Katikati ya kihamba, chini kidogo ya kahawa, palikuwa na mstari mpya wa masale, machanga, udongo bado mwekundu kwenye miguu yake. Ukoo ulikwisha kukaa. Ile Jumapili yenyewe.

Theopista alitoka zizini. Kichwa alikuwa amekinyoa chote.

"Umepotea njia," alisema.

"Sikupotea. Nilichelewa." Mama Twaha akanyoosha lile jani. Maneno yote aliyoyapanga tangu mjini yalimkimbia, yeye aliyekuwa hakosi neno hata msibani. "Ulikuja na shida yako, nikakufanya msengenyaji. Nilikuwa naisikiliza dini kwa sikio moja."

Theopista akalitazama jani, akamtazama Mektrida, akavuta pumzi ya mtu aliyezibiwa njia. Akalipokea.

"Nimesamehe."

"Kweli?"

"Isale likija mtu hasemi hapana. Ndivyo tulivyolelewa."

"Nakuuliza wewe, siliulizi isale."

"Mimi nitakujibu siku nyingine."

Ng'ombe akalia zizini. Mama Twaha akasema, "Basi niambie yote. Leo nasikiliza hadi jua lizame."

"Yalikuwa ya siku ile," alijibu Theopista, sauti haina hasira, na hapo ndipo ilipouma. "Nilisimama peke yangu. Walipouliza nani alisikia, nikasema yupo mjini. Wakasema aje. Nikanyamaza."

Mama Twaha akajifunga kanga kiunoni. "Primus anakaa wapi?"

Primus alikuwa uani kwake baada ya misa, na wazee wa ukoo, wakizungusha kata ya mbege, ile pombe ya ndizi. Mektrida ndiye aliyetangulia, Mama Twaha nyuma. Akawaamkia wazee, akakaribishwa kiti, akabaki amesimama.

"Karibu, shemeji," alisema Primus, akimkumbuka kidogo kidogo.

"Asante. Nimekuja kukusema, Primus."

"Kunisema?"

"Ndiyo. Mimi nilikuwa bingwa wa kuwasema wasiokuwepo, uliza Majengo nzima. Dini ikanikataza, nimebakiwa na waliopo. Na wewe upo."

Mzee mmoja alicheka mbege ikampanda puani. Mama Twaha hakucheka. Akasema, taratibu, kwa sauti ya kufika kwenye migomba: siku ile hospitalini, nani alilala, nani alisimama, nani alimshika nani mkono, neno gani lilisemwa na neno gani likajibiwa. Hakuongeza chumvi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimulia jambo bila chumvi, na alishangaa lilivyokuwa fupi.

Primus akaitazama kata. "Siku ukoo ulipokaa ulikuwa wapi?"

"Majengo."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa nimenyamaza."

"Basi ungeendelea."

Mama Twaha akakaza kanga kiunoni.

Mzee Jacob, mkubwa wa ukoo, yule wa mbege puani, alijifuta. "Primus. Kaka yako alisema hivyo au hakusema?"

"Mgonjwa husema mengi, baba."

"Sijauliza mgonjwa husema mangapi. Wewe uliitika?"

Kuku walipita. Primus alitazama kuku mpaka wakaisha. "Niliitika," alisema.

Mzee Jacob akasema ukoo utakaa tena, hili neno halikuwepo mwanzoni. Mama Twaha akauliza lini. "Kahawa ikishachumwa," alijibu mzee.

"Kahawa ya nani?" aliuliza Mektrida, kama anayejiuliza mwenyewe.

Walirudi wakamkuta Theopista kwenye mpaka mpya, anakata majani, amewapa mgongo.

"Nimesema," alisema Mama Twaha.

"Nimesikia. Una sauti." Panga liliendelea. "Watakaa?"

"Wanasema watakaa. Nami nitakuja. Hata wasiponiita."

"Haya," alisema Theopista. Hakumkaribisha chai, na hakumsindikiza. Kwa Wachagga na kwa Wapare, mgeni asiposindikizwa anaelewa. Mektrida alimfikisha kwenye mfereji, akamwonyesha njia ya mkato, na kutoka hapo Mama Twaha alishuka peke yake hadi barabarani, ukungu ukishuka nyuma yake kuzifunga nyumba moja moja.

Habari hutembea kuliko pikapu. Siku ya pili tu Zita alikuwa kibarazani, ameketi kigodani kabla hajaambiwa, kucha zimepakwa rangi mpya.

"Mama Twaha, shikamoo. Nasikia ulikwenda Kibosho ukawapasha wanaume wa watu. Ilikuwaje? Na wenzangu wako njiani wanakuja."

Ilikuwa habari tamu kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Ingejaza mkeka mpaka Ramadhani. Ilikuwa na kifo, ardhi, mbege na shemeji mwovu, na yeye mwenyewe katikati kama shujaa. Chupa ya chai ilikuwa imejaa pale mezani, moto bado. Mama Twaha aliyasikia maneno yakijipanga mdomoni yenyewe, kila moja na chumvi yake.

"Ya Mama Flavia ni ya Mama Flavia," alisema. "Akitaka atakusimulia. Wewe je, Zita? Una lako?"

"Langu lipi?"

"Lolote linalokuuma. Lako mwenyewe. Hilo nitalisikiliza."

Kitu kilipita usoni mwa Zita, kama mtu aliyeitwa jina la utotoni. Kisha akacheka, akatazama kucha zake, akasema amekumbuka dukani wanamsubiri. Wenzake aliwakuta kwenye kona, wakarudi wote. Mama Twaha akajimiminia chai kikombe kimoja.

Siku ya soko Theopista alipita. Alipita upande wa pili wa barabara, kapu kichwani, kilemba chekundu juu ya kichwa kilichoanza kuota nywele. Hakusimama. Ila aligeuza uso, akasema kwa sauti ya kuvuka barabara:

"Hujambo, Mama Twaha."

Mama Twaha alisimama, maharage yakiungua jikoni. Waumini wamefundishwa wakisalimiwa waitikie kwa salamu iliyo bora zaidi.

"Sijambo, Mama Flavia. Hujambo nawe, na wasichana hawajambo, na ng'ombe hajambo na kiburi chake?"

Theopista alikuwa amekwisha kupita. Mabega yake yalitikisika kidogo, labda kwa uzito wa kapu, labda kwa kingine. Kwa umbali ule hakuna awezaye kujua. Akakunja kona kuelekea njia ya mlimani. Mama Twaha akabaki amesimama kibarazani, na barabara ikabaki barabara, bado haijavukwa.